Picha ya kichwa cha mtoto iko kwenye seva ya nani? Kuchagua wingu la utafiti wa ubongo

Mama mmoja aliniuliza swali siku nampitisha kwenye fomu ya ridhaa. Mwanawe ana kifafa, nasi tulikuwa tunaomba ruhusa ya kutumia picha zake za MRI katika utafiti. Alisikiliza mpaka mwisho, akamvuta mtoto karibu, akamfunika vizuri na khanga, kisha akasema, "Sawa mwanangu, nimekuelewa. Sasa hiyo picha ya kichwa chake itakaa wapi?"

Nikamjibu, "Itakaa kwenye kompyuta yetu, mama, na nakala nyingine kwa wenzetu tunaofanya nao kazi nje."

"Nje wapi?"

Hapo nikakwama. Jina la huduma nilikuwa nalijua, nenosiri ninalo, lakini nchi ambamo diski zenyewe zinazunguka sikuwa naijua. Nilimwomba anipe siku mbili nikamletee jibu, na hizo siku mbili ndizo zilizonifundisha kuchagua.

Ulinganisho huu wa huduma za wingu, yaani kompyuta za mbali zinazotumiwa kupitia intaneti, ni wa vikundi kama chetu: hospitali moja yenye mashine ya MRI, watu wawili watatu wanaoijua Linux (mfumo wa kompyuta unaotumiwa na programu nyingi za utafiti), mshirika mmoja au wawili ng'ambo, na fedha za mradi zenye tarehe ya mwisho. Kama uko kwenye chuo chenye idara nzima ya kompyuta kubwa, mengi ya hapa yatakuwa madogo kwako.

Nani analinganishwa na nani

Watu huzitaja huduma hizi kwa pumzi moja kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja.

brainlife.io ni jukwaa la bure la kivinjari. Lilianzishwa na timu ya Franco Pestilli katika Chuo Kikuu cha Indiana, na sasa makao yake ni Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Unafungua mradi, unapakia picha, unachagua programu kwa kubofya, na kazi inakwenda kuendeshwa kwenye kompyuta za vyuo vya Marekani. CBRAIN ni ndugu yake wa Kanada, kutoka McGill kule Montreal, na amemtangulia kwa umri. Naye ni wa bure na wa kivinjari, ila kazi zake huzituma kwenye kompyuta kubwa za taifa za Kanada.

Neurodesk ya Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ni kitu tofauti kabisa. Ni meza ya kazi iliyopangwa tayari, yenye programu za kuchambua picha za ubongo kama FSL, FreeSurfer, AFNI na nyingine nyingi ndani ya makontena, yaani vifurushi vinavyobeba programu na kila inachohitaji, nayo unaifungua popote: kwenye laptopu yako, kwenye seva ya chuo, au kwenye wingu ulilokodi. Halafu kuna wingu lenyewe la kukodi, yaani AWS ya Amazon, Azure ya Microsoft na Google. Hao wanakupa kompyuta tupu, na mengine yote ni juu yako. Wa mwisho ni XNAT, programu ya chanzo huria iliyotoka Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis. Unaiweka kwenye seva yako mwenyewe na inapokea picha moja kwa moja kutoka kwenye mashine ya MRI.

OpenNeuro nimeiacha nje ya mashindano kwa sababu ni ghala. Hapo ndipo unapoweka data ukishamaliza, dunia nzima ichukue. Nitaigusa tena mbele, maana watu wamechanganya ghala na karakana na wakajuta.

Kwanza piga hesabu: mnahitaji wingu kweli?

Chukua mfano wa watoto 200, kila mmoja na picha moja ya T1 (picha ya MRI inayoonyesha umbo la ubongo), nanyi mnataka ujazo wa sehemu za ubongo. Njia ya kawaida ni FreeSurfer, ambayo kwa kichwa kimoja huchukua saa nyingi. Tuseme saa 8. Zidisha, unapata saa 1,600. Kompyuta nzuri ya ofisini inayoendesha vichwa vinne kwa mpigo itamaliza kwa saa 400, karibu siku 17, umeme usipokatika hata mara moja. Ukipata nafasi 50 kwa pamoja kwenye wingu, kazi hiyo hiyo inakwisha kwa saa 32.

Hesabu ya namna hii ndiyo inayowafanya watu wakimbilie wingu. Lakini siku hizi ndani ya FreeSurfer hiyo hiyo kuna SynthSeg, inayotumia mtandao wa neva kukata sehemu za ubongo. Inafanya kazi kwa dakika, haihitaji picha iwe safi kupindukia, na inavumilia picha za aina tofauti. Kwa swali la ujazo peke yake, vichwa 200 vinakwisha mwisho wa wiki kwenye mashine mliyonayo. Mkihitaji unene wa gamba la ubongo kwa njia ya kawaida, hapo rudini kwenye saa 1,600.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa wanaotumia mashine za sumaku dhaifu. Mbarara, Uganda, ilijengwa mashine ya namna hiyo kwa ushirikiano na watafiti wa Leiden, Uholanzi, wakilenga watoto wenye maji kichwani. Kampuni ya Hyperfine nayo inatengeneza mashine ya magurudumu ya tesla 0.064 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), wakati mashine nyingi za hospitali ni tesla 1.5. Programu zilizozoea picha za tesla 3 hujikwaa kwa picha hizo, na kuzipeleka kwenye wingu lenye nguvu hakuzisaidii. Tafuta kwanza programu inayozielewa, ndipo utafute pa kuiendeshea.

Kwa hiyo nasema wazi: nimeona vikundi vikiomba fedha za wingu kwa kazi ambayo kompyuta moja yenye kumbukumbu ya gigabaiti 64 na kifaa kizuri cha kuhifadhi umeme ingeimaliza. Wingu linastahili pale mnapokuwa na mtiririko mzito kama fMRIPrep, unaoandaa picha za utendaji wa ubongo (fMRI), kwa mamia ya watu, uchoraji wa njia za neva, au kufundisha modeli za akili bandia kwa kadi za GPU, zinazopiga hesabu nyingi kwa mpigo. Au pale ambapo watu wa nchi tatu lazima waguse data moja kwa wakati mmoja. Hii ya mwisho kwangu ndiyo sababu kubwa kuliko zote.

Barabara ya kufika huko

Picha moja ya T1 iliyobanwa ni kama megabaiti 10. Za watoto 200 ni gigabaiti 2, na kwa intaneti inayopakia megabiti 5 kwa sekunde zinafika kwa saa moja hivi. Hiyo haina shida.

Picha za utendaji ni hadithi nyingine. Katika Human Connectome, mradi wa Marekani wa kuchora miunganiko ya ubongo, kipindi kimoja cha kulala ndani ya mashine kwa takriban dakika 15 kilitoa picha 1,200 za ubongo mzima, kila moja ikiwa na vipande 104 kwa 90 kwa 72. Kabla ya kubanwa hiyo ni gigabaiti 1.6, mtu mmoja, kipindi kimoja. Mkikusanya gigabaiti 100, kwa kasi ile ile ya megabiti 5 ni saa 44 za kupakia bila kukatika. Na kukatika kupo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya na Uganda zikatambaa kwa siku kadhaa. Mwenye data zake zote ng'ambo alikuwa anazitazama kwa mbali.

Sasa linganisha. brainlife na CBRAIN zote zinataka data zisafiri mpaka Amerika Kaskazini. CBRAIN ina faida moja ambayo wengi hawaijui: unaweza kuisajili seva yako mwenyewe kuwa ghala lake, ikachota kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) faili inayoihitaji kwa kazi ya siku hiyo na kurudisha matokeo kwako. Nakala kuu inabaki nyumbani. brainlife kwa upande wake ina ezBIDS, inayochukua picha mbichi za mashine na kuzipanga kwa mfumo wa BIDS huku unaangalia kwenye kivinjari. Kwa mtu asiyewahi kuandika hati ya amri, ezBIDS ni neema. BIDS ndiyo lugha ya kupangia mafolda ambayo kila huduma niliyoitaja inaielewa, au angalau haigombani nayo. Ilitangazwa 2016, na kikundi kinachoanza leo bila BIDS kinajiwekea deni.

Neurodesk inageuza safari. Programu ndiyo inakuja kwako. Mara ya kwanza kila kontena hupakuliwa, na mengine ni gigabaiti kadhaa, kwa hiyo fanya hivyo usiku, au ukiwa chuoni kwenye mtandao wa vyuo na utafiti: TERNET ya Tanzania, KENET ya Kenya au RENU ya Uganda. Ukishayashusha yote kamili, waya wa baharini ukikatika unaendelea na kazi.

Wingu la kukodi lina kitu ambacho majukwaa ya bure hayana: unachagua mji. Azure ilifungua Johannesburg 2019, AWS ikafungua Cape Town 2020, Google ikaingia Johannesburg Januari 2024. Ni karibu zaidi na sheria ya bara hili, ingawa bei za Cape Town huwa juu kuliko za Virginia, Marekani. Na hapa kuna mtego wa upande wa pili. Kama kazi yenu ni ya data za umma, mfano zile za Human Connectome au za OpenNeuro, data hizo zimekaa tayari kwenye AWS kule Virginia. Kodi seva kule kule, zilipo. Kuzivuta mpaka Cape Town ili tu useme uko Afrika ni kulipa mara mbili.

Uso

Sehemu hii nitakaa nayo, maana ndiyo iliyonifanya nikwame mbele ya yule mama.

Picha ya T1 haichukui ubongo peke yake. Inachukua ngozi, pua, midomo, masikio. Siku ile niliporudi ofisini nilifungua faili ya mmoja wa watoto wetu kwenye programu ya kutazama, nikachagua mwonekano wa pande tatu, nikaigeuza polepole. Jina lilikuwa limeshafutwa, faili ikiitwa kwa namba tu. Lakini pale kwenye kioo palikuwa na mtoto: paji la uso, pua fupi, mdomo uliofunguka kidogo kwa usingizi wa dawa. Mtu yeyote wa mtaa wao angemtambua.

Si hofu yangu tu. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic walichapisha katika New England Journal of Medicine jaribio la watu 84 waliojitolea. Walichukua picha zao za MRI zisizo na majina, wakatengeneza nyuso, wakazipa programu ya kutambua sura pamoja na picha za kawaida za watu hao. Programu iliwapata 70 kati ya 84.

Kwa hiyo kabla ya huduma yoyote kati ya hizi, uso unafutwa hapo hapo kwenye kompyuta yenu. pydeface inafanya hivyo, mri_deface pia. Zilitengenezwa kwa vichwa vya watu wazima, na kwa watoto wadogo nimeona zikiacha jicho moja au zikila kipande cha mbele cha ubongo. Mtu lazima aangalie kila picha kwa macho yake. Ni kazi ya kuchosha, na haina mkato.

Kuna tundu jingine dogo zaidi. dcm2niix, programu tunayoitumia wote kugeuza picha mbichi kuwa NIfTI (aina ya faili inayosomwa na programu za ubongo), kwa kawaida yake huondoa jina la mgonjwa kwenye faili ya maelezo. Lakini usipoiambia vingine, jina la faili inalianzisha kwa jina la folda. Na chumba cha MRI hupanga mafolda kwa jina la nani? La mgonjwa. Tulipakua mafolda ya wiki nzima, tukageuza, na majina kamili ya watoto yakawa yanaongoza orodha ya faili. Tuliyaona kabla hayajatoka. Tangu hapo sheria ya kwetu ni moja: folda inabadilishwa jina chumbani, kabla ya diski kuchomolewa.

Sheria za nchi nazo zimeshakuwa na meno. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na taarifa za afya imeziweka katika kundi nyeti. Kuzichakata nje ya nchi kunataka ridhaa ya mhusika na uthibitisho wa kinga. Uganda nayo ilipitisha ya kwake 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Rwanda ndiyo kali zaidi katika hili: sheria yake ya 2021 inataka taarifa binafsi zihifadhiwe ndani ya nchi, isipokuwa kwa kibali. Juu ya hayo kuna kamati ya maadili na mkataba wa kuhamisha data. Mshirika wa ng'ambo anaweza kuyaona hayo kama usumbufu. Mweleze mapema, mwezi wa kwanza, si siku ya kupakia.

Kwa kipimo hiki mpangilio wangu ni huu. XNAT kwenye seva yenu na Neurodesk kwenye mashine yenu zinaongoza kwa mbali, kwa sababu hakuna kitu kinachovuka mpaka. Inafuata CBRAIN yenye ghala nyumbani, ingawa wakati wa kuchakata faili inakwenda Kanada. Halafu wingu la kukodi la Afrika Kusini, lenye usimbaji, yaani data kufungwa zisisomeke bila funguo, na funguo hizo mnazishika wenyewe. brainlife inakuja mwisho kwa data ambazo bado hazijasafishwa, lakini kwa data zilizosafishwa na zenye ridhaa ya kushirikishwa haina ubaya wowote. Miradi inaweza kufungwa wasiingie wageni.

Na OpenNeuro: data zake zinatolewa kwa leseni ya CC0, maana yake hakuna haki inayobaki mkononi mwako. Akishapakua mtu wa mbali huwezi kumwambia arudishe. Ni ghala zuri sana kwa sayansi, na mimi natamani picha nyingi za Afrika ziwemo, kwa sababu modeli zinazofundishwa bila vichwa vyetu zitakuja kutupima vibaya. Ila mzazi awe ameambiwa hivyo kwa maneno hayo hayo, na awe amekubali. Fomu ya zamani iliyosema "watafiti wetu na washirika wao" haitoshi.

Kuna njia ya kati inayonipendeza. UK Biobank, hifadhi kubwa ya data za afya ya Uingereza iliyolenga kupiga picha watu 100,000 na kulifikia lengo hilo 2025, ilizindua jukwaa lake la uchambuzi mwaka 2021 juu ya AWS. Mtafiti anaingia, anachambua humo humo, anatoka na matokeo. Picha za watu zinabaki ndani. Kikundi kidogo kinaweza kuiga roho ya jambo hilo bila fedha zile: seva moja yenye XNAT, wenzenu wa ng'ambo wanapewa akaunti, wanatuma kontena lenye programu yao, linaendeshwa kwenu, wao wanapokea jedwali la namba. Safari inakuwa ya hesabu, vichwa vinabaki.

Kushirikiana hasa ni nini

Mwaka 2020 jarida la Nature lilichapisha kazi ambamo timu 70 zilipewa data zile zile za fMRI na maswali yale yale tisa. Hakuna timu mbili zilizotumia hatua zinazofanana, na majibu yao yalitofautiana waziwazi. Nyuma ya hapo, 2012, watafiti walionyesha kwamba FreeSurfer ya toleo moja na ya toleo jingine, au hata toleo lile lile kwenye mfumo tofauti wa kompyuta, zinaweza kutoa ujazo tofauti kwa kichwa kile kile. Fikiria basi: Dar es Salaam wanatumia toleo moja, Nairobi jingine, mshirika wa London la tatu, halafu mnaunganisha majedwali na kushangilia tofauti kati ya nchi.

Hapa brainlife inawazidi wote. Kila tokeo linabeba historia yake: limetoka kwenye picha gani, kupitia programu gani, toleo gani, kwa vigezo gani. Ukimaliza unaweza kuchapisha data pamoja na programu zake kwa namba moja ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha chapisho. Mwanafunzi wenu akiondoka na laptopu yake, kazi haiondoki naye. CBRAIN pia inatunza kumbukumbu za kazi na matoleo, ila sura yake ni ya zamani kidogo na inataka uvumilivu siku za mwanzo.

Neurodesk inawapa wote toleo lile lile ndani ya kontena, jambo ambalo ni nusu ya vita. Nusu ya pili, yaani kuandika nani alifanya nini lini, ni nidhamu yenu wenyewe. Kwa XNAT ushirikiano unakuja kwa ngazi: mmiliki wa mradi, mwanachama, na mshiriki wa kusoma tu. Naipenda hiyo ya tatu kwa wenzetu wa ng'ambo wanaotaka kuangalia ubora wa picha bila kuzibadilisha.

Wingu la kukodi halikupi lolote kati ya haya. Linakupa chumba kitupu.

Fedha

brainlife, CBRAIN, Neurodesk na XNAT hazina ada ya programu. XNAT inataka seva, diski za akiba, kiyoyozi, na mtu. Huyo mtu ndiye gharama kubwa, na bajeti nyingi humsahau. Majukwaa ya bure nayo yana foleni, na yanaishi kwa ruzuku za serikali za watu. Usiweke kwao nakala yako pekee.

Wingu la kukodi lina hesabu yenye kona. Kuingiza data ni bure, kuzitoa unalipia kwa gigabaiti, na kuzihifadhi unalipia kila mwezi mkiwa mnafanya kazi au mmelala. Kuna seva za bei ya mabaki, ambazo AWS huziuza kwa punguzo linaloweza kufika asilimia 90, lakini zinaweza kunyang'anywa kwa taarifa ya dakika mbili. Kwa FreeSurfer ya saa nyingi hiyo ni hatari. Kwa SynthSeg ya dakika chache ni bei ya dezo.

Sisi tuliwahi kukodi seva ya kadi ya GPU, tukafanya kazi ya siku moja, tukaondoka kwenda sikukuu ya Idi. Kila mmoja alidhani mwenzake ameizima. Tulikuwa tumeweka tahadhari ya bajeti, na barua pepe zilikuja kama zilivyoahidiwa, lakini tahadhari haizimi mashine, inakuarifu tu. Bili iliyofika ililingana na nauli za wahojaji wetu wa vijijini kwa mwezi mzima. Tangu wakati huo kila seva tunayoikodi inawekewa amri ya kujizima yenyewe usiku, kabla hata hatujapakia faili ya kwanza.

Na kuna hili la karatasi: kampuni inataka kadi ya benki na dola, mhasibu anataka ankara na zabuni. Mazungumzo hayo yalituchukua muda mrefu kuliko uchambuzi wenyewe. Kama mfadhili wenu ana akaunti ya wingu, mwombeni awafungulie nafasi humo, huku mkataba ukisema wazi kwamba data ni zenu.

Ningechagua nini

Mwanafunzi wa uzamili mwenye picha 40 na laptopu moja: Neurodesk, leo hii. Aanze na ile ya kujaribu kwenye kivinjari akitumia data za umma, kwa sababu haitunzi kazi zake moja kwa moja, kisha aiweke kwake. Leseni ya FreeSurfer ni ya bure, anajaza fomu mtandaoni na inamjia kwa barua pepe.

Hospitali inayoanza kukusanya picha za miaka mitano: XNAT, hata kama itaumiza mwaka wa kwanza. Lakini msiianze bila mtu wa kuitunza mwenye mkataba. XNAT isiyo na mwenyewe ni mbaya kuliko diski ya nje yenye lebo nzuri.

Kundi la nchi tatu lenye ridhaa iliyonyooka na nyuso zilizofutwa: brainlife, bila kusita. Ikiwa kamati moja inakataa nakala kukaa ng'ambo, CBRAIN yenye ghala la nyumbani, na mkataba utaje Kanada kwa jina.

Kufundisha modeli kwa wiki mbili kisha basi: kodi GPU, ya Afrika Kusini kwa data zenu, ya Virginia kwa data za umma. Shusheni majedwali na modeli, futeni diski, na pigeni picha ya ukurasa unaoonyesha kwamba zimefutwa, ya kuweka kwenye faili la kamati ya maadili.

Sisi tulichagua XNAT ofisini na Neurodesk kando yake, na wenzetu wa ng'ambo wanaingia kwa akaunti. Siku ya tatu nilirudi kwa yule mama. Nilimkuta anaanika dagaa. "Shikamoo mama. Nimekuletea jibu." Nikamweleza kwamba picha itakaa hapa hapa hospitalini, chumba cha ghorofa ya pili, sura ya mtoto itafutwa kabla ya mtu wa nje kuiona, na akibadili mawazo aje aseme, tutaifuta. Aliniuliza chumba hicho kina kufuli. Nikasema kinayo. Akauliza funguo zake ziko kwa nani, nikamtajia watu wawili, mmoja wao mimi.

Fomu yetu ya ridhaa sasa ina mistari mitatu mipya: jengo, nchi, na cheo cha anayeshika funguo.